Uji wa Kurudisha Seli Ujana

Aliyenitia kwenye mambo ya uji huu ni wifi yangu, mke wa kaka yangu mkubwa, na simfichi. Wa pili ni bwana mmoja wa tai, muuza dawa za chupa, ambaye wifi alimwalika nyumbani kwake Mumbuni, siku chama chetu cha akina mama kilipokutana.

"Mwili ni seli," bwana akatuambia, "na zenu zinaisha kama betri ya redio. Dawa hizi zitazichaji!"

Mimi shule niliachia darasa la tatu. Siku hiyo nilijiona nimefika chuo kikuu. Tulipiga makofi! Nani hataki kurudi msichana?

Chupa zilikuwa nyingi: vitamini E, kitunguu saumu, mafuta ya samaki, unga wa majani. Bwana alipoenda, alimwachia wifi chupa awe akituuzia, naye wifi akasema, "Kumeza moja moja ni mambo ya wazungu. Si mizizi tunachemshanga pamoja, ikashikana nguvu?" Tukamwaga zote kwenye kinu chake cha kukobolea mahindi ya muthokoi, tukatwanga. Vidonge vya mafuta vikapasuka vikiturukia usoni, tukajipaka, tusipoteze. Tukakoroga kwa uji wa wimbi, kibuyu kikazunguka.

Kila mkutano, hivyo hivyo. Na mimi nikawa moto! Nilipanda kilima cha Iveti kwenda shamba bila kupumzika.

"Sasa, msichana!" jirani akaniita. "Mzee atakuoa tena?"

"Alete mbuzi upya!"

Ndipo gego likauma, nikang'olewa. Damu ikakataa kusimama. Kufika jioni niko hospitali, mdomo umejaa pamba, macho yanaona giza, na aliyenisindikiza ni wifi.

"Mama huyu anatumia dawa gani?" daktari akauliza. "Niambie haraka, anatuponyoka."

"Huyu? Chai tu, daktari."

Nikamfinya. Akanipapasa bega. "Tulia, wifi, usijichoshe."

Angeniacha nife, wateja wake wasishtuke! Nikamnyang'anya mkoba nikaumwaga kitandani. Chupa zikabingirika hadi chini ya vitanda vya wengine. Daktari akadaka moja, akasoma, akadaka nyingine.

"Hii inafanya damu iwe nyepesi. Na hii. Na hii pia! Mama, ulikunywa pamoja?"

Nikaitikia kwa kichwa mpaka damu ikarukia koti lake.

"Nesi! Damu ya kuongeza, sasa hivi!"

Hivyo ndivyo nilivyopona. Wakinidunga sindano, nilimtafuta wifi kwa macho. Alikuwa amepiga magoti sakafuni, anaokota chupa, anaipangusa kila moja kwa leso.