Mhudumu Anayetambaa Kabla Mtoto Hajafika

Saa nne asubuhi, ndani ya chumba cha abiria kwenye ghorofa ya nane ya meli ya kitalii, mwanamume wa miaka hamsini na tatu anatambaa.

Hajaangusha kitu wala hafanyi mazoezi. Yuko kwa magoti na viganja, shavu limekaribia kugusa zulia, tochi ndogo ameibana kwa meno. Kichwa kimezama chini ya kitanda, kiuno kiko nje. Ukimkuta hivyo utacheka. Kisha utaona shati lilivyoloana mgongoni, na chumba kina kiyoyozi.

Anatoka kinyumenyume. Katikati ya vidole viwili ameshika kidonge cheupe.

"Unaona hiki?" anamwambia mwandishi wa habari hii, aliyesimama mlangoni. "Abiria amelala hapa wiki nzima, hakukiona. Mashine ya kufyonza vumbi imepita, haikukiona. Mtoto angekiona ndani ya dakika tatu, na dakika ya nne kingekuwa mdomoni."

Anakifunga kwenye karatasi, anakitia mfukoni, anarudi chini kwa magoti.

Wenzake humwita Mzee Tambaa. Kazi yake ni kuhudumia vyumba kumi na sita: kutandika, kusafisha choo, kubadilisha taulo. Leo ni siku ya bandarini, siku wanayoiogopa wahudumu wote. Abiria wa zamani wameshuka saa tatu, wapya wanaanza kupanda saa saba. Kila chumba kina dakika chache tu, na hakuna maelekezo yoyote ya kazi yanayomtaka mtu atambae.

Yeye hutambaa katika kila chumba ambacho orodha inaonyesha kutakuwa na mtoto wa chini ya miaka mitatu. Safari hii meli nzima ina watoto arobaini na mmoja wa umri huo. Vyumba vyake vina sita.

"Watu wazima wanapanda meli kupumzika," anasema. "Mtoto mchanga hakuja kupumzika. Amekuja kazini. Kazi yake ni kutafuta kitu cha kumuua, na ana bidii, hana likizo."

Chini ya vitanda ameshaokota pini, sarafu, betri za saa, karanga, wembe na hereni. Chooni ameshakuta sabuni ya maji imewekwa kwenye chupa ya kunyonyea. Hayo anayasimulia upesi upesi. Kuhusu roshani, sauti yake inabadilika.

Vyumba vingi vya meli hii vina roshani, kibaraza kidogo nje ya mlango wa kioo, chenye viti viwili na meza. Mbele kuna kizuizi kinachomfikia mtu mzima kifuani. Nje ya kizuizi hakuna kitu mpaka majini.

Miaka kumi na miwili iliyopita, siku ambayo bahari ilitulia kama maji ya beseni, alipeleka taulo kwenye chumba kimoja. Akabisha mara tatu. Kimya. Akafungua.

Mlango wa roshani ulikuwa wazi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu hivi alikuwa amesimama juu ya meza, mkono mmoja juu ya kizuizi, kifua kimeshapita. Alikuwa anawapungia mkono ndege wa baharini.

"Nilipiga hesabu," anasema. "Nikimwita, atageuka ghafla. Nikikimbia, atashtuka. Nikisimama tu, atapanda. Nilikuwa mita nne kutoka kwake na sikuwa na la kufanya."

Alichofanya hakukipanga. Alijikuta chini kwa magoti. Na alipokuwa chini, akaanza kutambaa, akilia kama paka.

Mtoto akageuza shingo taratibu. Akaliona dume zima limevaa sare, liko kwa miguu minne, linalia nyau. Akaangua kicheko. Akakaa juu ya meza, akateremka kwa makalio kama watoto wanavyoteremka, akaja kumwona huyo paka.

"Niliposhika lile gauni lake, nilishika kwa mikono miwili. Hata leo ukiniambia nikunje ngumi, nasikia lile gauni."

Wakati huohuo mama wa mtoto akatoka bafuni. Baba alikuwa juu, kwenye bwawa. Mama hakuiona meza wala mlango. Aliona mwanamume asiyemfahamu yuko sakafuni chumbani kwake, amemng'ang'ania mwanawe. Akapiga yowe lililosikika ghorofa nzima.

Mzee Tambaa alijaribu kueleza, lakini lugha ya yule mama alikuwa anaijua maneno ya salamu na ya taulo tu. Jioni msimamizi alimwita ofisini, akamsomea barua ya onyo: kuingia chumbani bila ruhusa na kumgusa mtoto wa abiria. Akaonyeshwa pa kutia sahihi. Akatia.

"Yule mama mpaka leo hajui," anasema. "Anachojua ni kwamba kulikuwa na mhudumu mmoja mwenye tabia mbaya. Sawa. Mtoto yuko hai, sasa ni msichana mkubwa huko aliko."

Tangu hapo, chumba chenye mtoto mdogo anaingiza meza na viti vya roshani ndani, anavifunga miguu kwa kitambaa. Komeo la juu la mlango analivuta mara tatu. Kisha anatambaa, kwa sababu, anasema, siku ile akiwa chini ndipo alipogundua kwamba chumba alichokisafisha miaka yote alikuwa hajawahi kukiona.

Mhudumu wa ghorofa ya tisa, mwanamke mwepesi wa kazi na wa maneno ambaye hapa wanamwita Chapuchapu, anapita na toroli lake na kuchungulia mlangoni.

"Mzee, leo umepoteza nini? Meno?"

"Nimepoteza akili. Ukiiona niletee."

"Aa, hiyo niliiona ikishuka na abiria wa asubuhi!" Anacheka, kisha anamgeukia mwandishi. "Huyu mzee wetu ni mtu wa watu, ila woga umemzidi. Ajali haina kinga, kaka."

"Haina kinga, lakini ina mlango," anajibu Mzee Tambaa akiwa bado sakafuni. "Mimi nafunga mlango."

Siku nyingine utani huo ungeendelea mpaka chakula cha mchana. Leo Mzee Tambaa anainuka, anajifuta magoti, anamfuata Chapuchapu kwenye korido na kumwuliza kwa sauti ya chini kama chumba cha tatu kutoka kwenye ngazi kimeshaandaliwa. Ni mara ya nne anamwuliza tangu asubuhi.

Katika chumba hicho leo anaingia mjukuu wake.

Hajawahi kumshika. Mtoto ana miezi minane, na babu yake anamjua kwa simu tu, sura ikikatikakatika mtandao unapozingua. Alipozaliwa, Mzee Tambaa alikuwa na wiki mbili tu tangu asaini mkataba mpya. Mkataba ni miezi tisa majini, kisha miezi miwili na siku kadhaa nyumbani. Ameishi hivyo miaka ishirini na minne. Ukijumlisha siku zote alizolala nyumbani kwake katika muda huo, hazifiki miaka mitano.

Mama wa mtoto ni binti yake wa pekee. Alimwacha ana miezi saba, akiwa ndiyo kwanza anajifunza kukaa. Aliporudi, alimkuta anakimbia.

"Mimi mwanangu sikumwona akitambaa," anasema. "Mamake alinisimulia."

Kampuni humpa kila mfanyakazi wa muda mrefu nafasi ya kuleta familia safari moja. Yeye aliikataa miaka na miaka. Nyumbani alisema nafasi zimejaa. Mkewe akaamini, mpaka alipokutana na mke wa baharia mwingine kwenye foleni ya maji.

"Siri ya wanaume wawili hudumu hadi wake zao wajuane," anasema, na hacheki. "Mke wangu akapiga simu. Akaniuliza, baba fulani, una mwanamke huko melini? Nikamwambia sina mwanamke, nina hofu. Akasema afadhali ungekuwa na mwanamke, ningejua pa kuanzia."

Mkewe goti linamsumbua, ngazi haziwezi. Akaamua binti aende na mtoto, na akaamua kwa namna ambayo haikuwa na rufaa. Mzee Tambaa akaomba chumba cha ndani kabisa, kisicho na dirisha. Ofisi, kwa kuthamini utumishi wake, ikampa zawadi: chumba chenye roshani, ghorofa ya tisa. Wenzake walimpigia makofi kwenye bwalo. Yeye alitoka nje kushika ukuta.

Saa sita, muda wake wa kula, hagusi chakula. Anapanda ghorofa ya tisa, mahali ambapo hana ruhusa ya kufanya kazi. Chapuchapu anamfungulia. Mzee anaingiza meza, anaingiza viti, anavuta komeo. Kisha anashuka kwa magoti na kupita chumba kizima, kona hadi kona, nyuma ya pazia, chini ya kitanda kidogo chenye uzio kilicholetwa kwa ajili ya mtoto. Inamchukua dakika ishirini na tano.

Hakuti kitu. Hata uzi.

Mtu angetegemea ashushe pumzi. Badala yake anakaa sakafuni, mgongo kwenye kitanda, kijasho chembamba kikimtiririka kwenye paji la uso.

"Nikikuta kitu, najua nimekitoa," anasema. "Nisipokuta, najua kipo, sijakiona."

Chapuchapu amesimama mlangoni na dawa ya vioo mkononi. Safari hii hana utani. "Mzee," anamwambia, "nitapita hapa kila saa. Nakuapia."

Saa nane mchana binti anapanda, begi la nepi begani, mtoto kiunoni. Mzee Tambaa amepewa nusu saa na msimamizi. Amebadilisha shati. Ananyoosha mikono, na mtoto, akiona sura ngeni yenye masharubu, anapiga ukelele na kuuficha uso shingoni mwa mama yake.

"Atazoea, Baba. Amechoka tu."

"Haidhuru. Haidhuru, mama," anasema, na mikono inabaki hewani kitambo kabla hajaishusha.

Chumbani, anatoa kadi ya mlango kutoka mfukoni na kuiweka kitandani. Ni ya chumba kingine. Tangu juzi amekuwa akiwasumbua watu wa mapokezi, na leo saa saba wamekubali kubadilisha: chumba cha ndani, ghorofa ya nne, bila roshani, bila dirisha. Anamweleza binti yake habari za meza, za kizuizi, za yule mtoto aliyewapungia ndege. Ndiyo mara ya kwanza kumsimulia mtu wa nyumbani kwake. Anaeleza haraka.

Binti anasikiliza mpaka mwisho. Mtoto ametulia, anatafuna kamba ya begi.

"Pole, Baba," anasema. "Pole sana. Kumbe ndiyo hayo ulikuwa unalala nayo." Kisha anaichukua ile kadi na kumrudishia kiganjani. "Lakini mimi niliota meno, nikatambaa, nikaanguka, nikapasuka hapa kwenye nyusi, wewe hukuwepo. Na niko hai. Mama alinilinda. Huyu nitamlinda mimi. Meza ingiza, viti ingiza, komeo funga, yote nakubali, na kioo sitakifungua hata kidogo. Ila usitufungie kwenye sanduku wiki nzima. Hatukuja kulindwa. Tumekuja kukuona."

Mzee Tambaa anaikunja ile kadi kwa kidole gumba, inanyooka, anaikunja tena. Nje, king'ora kinalia, sakafu inaanza kutetemeka kwa mbali. Meli inajaribu injini.

"Basi tutaogopa wote," anasema hatimaye.

"Tuogope wote, Baba. Hiyo ni sawa."

Saa kumi na moja jioni meli inang'oa nanga. Mzee Tambaa yuko ghorofa ya nane, anapeleka taulo chumba hadi chumba. Kila anapofika mwisho wa korido anainua simu ya ukutani na kupiga ghorofa ya tisa.

"Komeo?"

"Limefungwa, Baba."

"Mwenyewe?"

"Amelala."

"Umemwona kwa macho, au umesikia kimya tu?"

Mara ya sita, binti anacheka kwenye simu, na baba yake anauegemea ukuta mpaka kicheko kiishe.

Zimebaki wiki mbili mkataba wake umalizike. Barua ya kutoomba mwingine ameshaiandika, na safari hii sahihi ameiweka kwa hiari yake. Anataka kuwa nyumbani kabla mtoto hajatimiza miaka miwili. Amesikia kwamba umri huo mtoto anaanza kuuliza majina ya vitu, na angependa mengine yaulizwe kwake.

Anapoulizwa kama huko nyumbani woga utakwisha, anamtazama mwandishi kama mtu aliyeulizwa swali na mlevi.

"Uishe uende wapi? Nyumbani kuna jiko. Kuna ngazi za uani. Kuna ndoo za maji, na mtoto anazama hata kwenye maji ya kina cha kiganja."

Anazipanga upya taulo zilizomjaa mikononi.

"Nitaanza na ndoo."