Nilivyomuua Baba Tony kwa Kamera

Jamani, wiki hii natembea hapa mtaani Tena nikiwa nimevuta kofia hadi puani, na sababu ni hii.

Chuoni tulifundishwa kupiga picha kutoka mbali, ili mwigizaji asahau kamera. Nikamwomba jirani yetu, Mama Tony, aigize mjane anayelia mlangoni pake. Nikamfichia kinasa sauti kidogo kisicho na waya ndani ya leso, nikavaa hedifoni, nikapanda na kamera hadi ghorofa ya nne ya jumba la mkabala.

Alilia hadi mimi mwenyewe nikatokwa na machozi. Ila alisahau jina la marehemu nililompa, akatumia la mumewe.

"Baba Tony! Umeniacha na nani?"

Majirani wakatoka mbio. "Woi, si jana tu alikuwa mzima!" mmoja akalia, akamkumbatia Mama Tony kwa nguvu hata maskini akashindwa kueleza. Mwingine akaanzisha wimbo wa maombolezo. Nami kwa ujinga wangu nikadhani Mama Tony ameniletea waigizaji wa bure. Nikaendelea kurekodi.

Mara Baba Tony akaingia langoni akitoka kazini, nyama ya jioni mkononi. Kuona umati mlangoni pake, akaiangusha nyama, akashika kichwa.

"Ni nani ametuacha? Ni mamangu?" Akaangua kilio.

Uigizaji mtamu ajabu! Nikapiga kelele kutoka juu, "Kata! Safi sana, Baba Tony!"

Vilio vikakatika. Nyuso zote zikageuka kunitazama, na uso wa marehemu ukiwa katikati.