Mashine Isiyoamkia

Generoza wa Kisanga hakuwa na dogo. Aliandika programu katika kiofisi cha kupanga pale Mikumi, miaka ile ya soko huria ambapo kila kampuni iligombea wakulima kwa simu, na kompyuta zilimtii kuliko watu. Lakini roho yake ilikuwa kwenye meza ya dirishani. Hiyo ilikuwa meza ya mbunifu, yule anayeamua huduma ikae vipi mikononi mwa mtumiaji.

Kasian, bosi wake, alicheka aliposikia. "Wewe na watu, wapi na wapi? Haya, ile huduma yako ya zamu za miwa ikitumika Ruhembe msimu huu, meza yako. Isipotumika, usinitajie tena."

Haikutumika. Wakulima walitumiwa meseji wajibu kwa namba ya shamba, wapangiwe siku ya lori la miwa. Wakatulia tuli kama maji ya mtungini. Kasian akasema hawajasoma. Generoza, kwa kiburi chake, akaafiki na kupanda basi kwenda kuwafundisha.

Alianzia kwa shangazi yake Bibiana, mkulima wa miwa mwenye mdomo usio na breki.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu."

"Mbona hukujibu meseji?"

"Ile ya WEKA NAMBA YA SHAMBA? Mimi sijibizani na mtoto asiyeamkia."

"Shangazi, ile ni mashine!"

"Nani kaiandika?"

"Mimi."

"Basi ni wewe hukuniamkia. Nitamwambia baba yako."

Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu. Generoza alifunzwa na shangazi. Alirudi Mikumi uso umemshuka, akabandika "Shikamoo" mwanzoni mwa meseji, akajipongeza.

Bibiana alipoipata alifurahi, akajibu kama mtu aliyelelewa: Marahaba mwanangu, hujambo? Mashine ikamrudishia: JIBU SI SAHIHI. JARIBU TENA. Akajaribu tena. Ikamkatalia tena. Akapiga simu ofisini, na sauti yake ikamfikia hadi muuza chipsi wa nje: "Marahaba yangu ina kosa gani?"

Generoza alicheka mpaka akalia, kisha akalia kwelikweli. Miaka yote hiyo hakuwahi kumtazama mtu akisoma alichoandika! Akarudi Ruhembe, safari hii hakufundisha. Alikaa jikoni kwa shangazi akimenya mihogo na kutazama watu wanavyoshika simu zao.

Akaijenga upya. Mashine iliamkia kwanza, ikanyamaza, ikangoja marahaba, ndipo ikaeleza shida yake. Na vijana je, nao waamkiwe?

"Mashine imezaliwa juzi," Bibiana akaamua. "Nani si mkubwa wake?"

Vijana wa Ruhembe wakajiandikisha kwa vurugu, hata wasio na muwa mmoja, ilimradi nao waitikie marahaba. Malori yakaanza kwenda kwa zamu.

Kasian aling'aka. Meseji mbili badala ya moja? Upuuzi, salamu iondolewe. Generoza hakubishana. Alimpigia Bibiana, akampa Kasian simu amweleze mwenyewe.

"Mama, kuhusu zile meseji..."

Kimya.

"Haloo? Mama, unanisikia?"

Kimya. Kasian akamtazama Generoza. Generoza akatazama dari.

"Shikamoo mama," Kasian akasema, sauti imepungua.

"Marahaba! Haya mwanangu, ulikuwa unasemaje?"

Kasian hakukumbuka tena. Generoza alikuwa ameshaanza kuhamishia kikombe chake kwenye meza ya dirishani.