Bunduki ya Baba Iliyopimwa Kiangazi

Enzi zetu pale Fridley, huko ughaibuni kwenye theluji, jengo zima lilijua nani anapika nini. Ninyi wenzangu mliokulia kwenye zile apatimenti za matofali miaka ya tisini mtanielewa. Kuanzia saa kumi jioni ngazi zilinuka vitunguu vya mama zetu, na koridoni viatu vya theluji vilichuruzika maji mpaka kwenye zulia. Tulicheza rede kwenye maegesho ya magari kwa mpira wa soksi za baba zetu. Hakukuwa na simu ya kukutafuta. Mama alitoa kichwa dirishani akaita mara moja, ukichelewa shauri yako.

Lakini mwaka ninaoukumbuka kuliko yote, nyumba yetu haikunuka kitu. Mama alikuwa na mimba ya mdogo wangu Shabani, na kila chakula kilimshinda. Nyama ya dukani ndiyo kabisa. Alisema haina harufu ya mnyama, ina harufu ya friji. Alitaka nyama ya pori, ile ya kukaushwa kwa moshi na kupikwa kwa karanga, kama walivyokula kwao Tabora. Akaacha cherehani yake iliyokuwa haitulii pale sebuleni, akawa wa kulala tu akitazama ukuta. Kisha siku moja akashusha sanduku kubwa kutoka juu ya kabati, akapanga nguo ndani, akaliweka karibu na mlango. Alimwambia Baba kwamba akishajifungua anarudi kwao na sisi watoto, yeye abaki na barafu yake. Hakusema kwa hasira, na hilo ndilo lililomtisha Baba. Mimi nililipita lile sanduku kila nikienda shule, nikaligusa kwa goti kuona kama limezidi uzito. Niliogopa sana jamani.

Baba alifanya kazi kiwandani, na rafiki yake mkubwa huko alikuwa Walter, mzungu wa makamo aliyewinda tangu utotoni. Baba alipomweleza yaliyo nyumbani, Walter akasema kulungu wamejaa tele kwenye shamba la dada yake kaskazini, kinachotakiwa ni bunduki tu. Hapo ndipo mambo yalipokwama. Baba alikuwa shoto, na bunduki za dukani za watu wa shoto zilikuwa na bei ya kumkimbiza mtu. Zile za kawaida zilimkaa vibaya shavuni. Basi wakaamua kuiunga wenyewe, kipande kwa kipande.

Kijana wa leo anabonyeza simu, bunduki inamngoja dukani, na bado analalamika kwamba imechelewa. Baba na Walter walipata kwenye gulio bunduki kuukuu ya jeshi, kitako kimeoza, mtutu umeliwa na kutu. Mtutu mwingine ulitoka kwenye bunduki ya marehemu shemeji yake Walter, na fundi wa bunduki mwenye leseni ndiye aliyeufunga na kuujaribu, maana Walter hakuwa na mzaha na mambo hayo. Kilichobaki ni kitako, ile mbao inayoegemezwa begani. Hicho Baba alisema atakichonga mwenyewe, ukubwa wake yeye, shavu lake yeye.

Kiangazi chote jioni zetu ziliishia kwenye gereji ya Walter. Ubao mnene wa kahawia wa hicho kitako, alioutoa Walter juu ya dari, ulipopigwa randa ulitoa harufu tamu, nami nikapewa msasa na kona yangu. Redio ilitangaza besiboli ambayo Baba hakuielewa hata kidogo, ila Walter akishangilia naye alishangilia. Tulirudi nyumbani kope zetu zimejaa vumbi, na Mama akigeuka kututazama, Baba alijipangusa harakaharaka kama mtoto aliyekutwa jikoni.

Ikafika siku ya kukata urefu. Walter alisema kitako lazima kifuate mkono wa mwenyewe, kikizidi au kupungua ni taabu. Baba akaja akasimama kando ya kitanda cha Mama, akamwomba ampime. Mama akasema amepima maharusi na mashekhe, lakini bunduki bado. Hata hivyo aliinuka. Alichukua futi yake, akamsimamisha Baba wima na fulana yake ya ndani, joto la Julai likitutoa jasho, akampima kutoka kwenye kiwiko mpaka kwenye kidole. Akamwambia asipumue kama ng'ombe, kisha akacheka. Sikuwa nimemsikia akicheka tangu theluji ilipoyeyuka. Nilidhani sanduku litarudi juu ya kabati, lakini halikurudi.

Novemba tukaenda kaskazini, mimi nikiwa nimevalishwa nguo juu ya nguo mpaka siwezi kukunja mikono. Walter akashika upande wake wa msitu, Baba na mimi tukakaa chini ya msonobari, kimya. Mara kulungu akatokea, dume zuri, hana habari. Baba akainua bunduki. Kitako kikakwama kwenye koti, chini ya kwapa. Akajaribu tena, koti likakwaruza, kulungu akatutazama kama mwalimu anavyowatazama wachelewaji, akajiondokea zake.

Baba akaitazama bunduki, akalitazama koti lake nene, na nikaona linamwingia. "Tulipima Julai," akanong'ona.

Ndiyo, watu wawili wa Tabora, mmoja fundi wa cherehani, walimpima mtu na fulana kwa kazi ya kwenye theluji. Neno koti halikumpitia yeyote kichwani. Leo nacheka, siku ile nililia, kwa sababu nililiona lile sanduku. Baba hakuniuliza nalilia nini. Alivua koti, akanifunika nalo, akabaki na shati na kile kizibao cha rangi ya chungwa cha wawindaji, akakaa tena. Meno yaligongana mpaka akauma skafu. Nikamwambia avae, baridi itamuua.

"Mama yako alinipima vizuri," akasema. "Koti ndilo limezidi."

Tulikaa mpaka midomo yake ikawa ya kijivu. Alipotokea mwingine, bunduki ilipanda begani laini kabisa. Baba akasema Bismillah, akafyatua, akakimbia na kisu.

Nyama ile Mama aliikausha kwenye oveni, mlango wazi, king'ora cha moshi kikalia na majirani wakatoka nje na watoto wao. Hakujali. Alipika kwa karanga, akasonga ugali, akala, akaongeza, akala tena. Nyumba ikanuka. Baba alikuwa amejikunyata karibu na hita, anakohoa, hali kitu. Mama akaniuliza amefanya nini huyu, nami nikamsimulia yote. Akaweka tonge chini, akanawa. Akaenda kwenye sanduku, akalifungua, akatupa magauni na khanga sakafuni mpaka akalifikia blanketi alilolipanga chini kabisa, akamfunika Baba mpaka shingoni.

"Baba Tatu," akasema, akimwita kwa jina langu, "wewe ni mjinga."

Zile nguo hazikupangwa tena. Walter alisema kukipunguza kitako ni kazi ya msumeno na dakika chache tu. Baba akakataa katakata, akasema hapunguzi kipimo cha mke wake. Kila Novemba alivua koti, na kila Novemba alirudi na kikohozi, mpaka Mungu alipomchukua.

Bunduki sasa anayo Shabani. Ana koti la betri linalojipasha moto lenyewe, ana ramani kwenye simu, Kiswahili anakielewa chote na anajibu kwa Kiingereza. Vijana wetu hao, kila kitu kinawaenea, ndiyo maana hawajui kutetemeka kwa ajili ya mtu. Nilimwambia akipeleke kitako kikakatwe, akatikisa mabega.

Msimu uliopita alirudi na kulungu garini, midomo ya kijivu, mikono haishiki hata kikombe. Nikamuuliza koti lake la betri lina kazi gani. Akanijibu kwa Kiswahili, cha kupindapinda, lakini Kiswahili.

"Nilivua, dada. Bunduki ya Baba haitaki koti."

Mama alikuwa kwenye kiti chake karibu na hita. Siku hizi hainuki bila kushikwa mkono. Aliinuka mwenyewe, akaenda kutafuta blanketi.