Tarakimu Mbili za Chumba cha Dawa

Tsai Pei-chun alikuwa ametumikia hospitali moja ndogo ya mji wa Taitung, Taiwan, miaka kumi na minne, na wengi humo hawakulijua jina lake. Walimwita Dada wa Kompyuta, wakamkumbuka skrini zinapogoma.

Jumanne hiyo asubuhi alikuwa akibadilisha mashine ya majina. Kompyuta hujuana kwa namba, watu huzijua kwa majina, kwa hiyo lazima pawe na mashine ya kufasiri katikati. Ile ya zamani ilikuwa izimwe saa nne. Kompyuta kumi na moja zilipaswa kuelekezwa kwenye mpya, ambayo namba yake iliishia na 35. Kazi yenyewe ni skrini nyeusi, amri moja, namba, basi. Kwenye kompyuta ya saba, ya chumba cha dawa, vidole vyake viliandika 53.

Akaijaribu. Ikayapata mafaili ya wagonjwa bila shida, naye akaenda kwenye ya nane. Hakujua kwamba ilikuwa ikitumia jibu la zamani ililolikumbuka, na kumbukumbu hiyo hufutika baada ya muda.

Saa tano na robo muuguzi Kuo Yueh-e akapiga simu.

"Dada, chumba cha dawa hawaoni mafaili. Wametoa dawa kwa karatasi tu. Mzee Gu wa wodi ya tatu kachomwa sindano, anavimba koo."

Pei-chun alikimbilia chumba cha dawa. Akaufungua mstari aliouandika asubuhi, akaiona 53. Akasahihisha, na onyo jekundu likatokea: Gu, asipewe penisilini. Wakati huo mzee alikuwa tayari anapumua kwa mpira uliopitishwa kooni.

Mkuu wake, Liao, alifunga mlango wa ofisi.

"Andika hitilafu ya mtandao."

"Ni mimi, Mkuu."

"Nimekuuliza ni nani? Mtandao haufukuzwi kazi, wala hauna mama mgonjwa nyumbani. Wewe unaye."

"Mzee Gu akiamka, tumwambie mtandao ndio ulimchoma?"

"Kumbe una mdomo," Liao alisema. "Miaka yote hii sikuujua."

Pei-chun aliandika ukweli, kisha akaenda kwa mke wa mgonjwa, aliyekaa kwenye korido na kisanduku cha wali kilichopoa mapajani.

"Mama, ni mimi niliyekosea. Niligeuza tarakimu mbili."

"Mbili tu?"

"Mbili tu."

Bi Gu alikifunika kisanduku cha wali.

"Sitakusamehe leo, usingoje," alisema. "Mume wangu alikuwa akigeuza njia za treni stesheni. Hakuwahi kugeuza bila kutamka namba ya njia kwa sauti, na mwenzake kumrudishia. Wewe nani alikuwa anakurudishia?"

"Hakuna, Mama. Niko peke yangu."

"Basi na hilo liandike."

Akarudi akaliandika. Kamati ilimshusha cheo. Liao hakumtetea. Lakini baada ya miezi miwili aliajiriwa mtu wa pili wa kompyuta, na tangu hapo hakuna namba iliyoingizwa bila mmoja kuisoma na mwingine kuirudia.

Mzee Gu alipona, sauti ikabaki ya kukwaruza. Pei-chun aliomba mara mbili kwenda kumwona. Mara zote mbili mzee alikataa, naye hakuomba tena.