Kituo cha Saba Kilikuwa Jikoni kwa Bi Klara

Siku yangu ya kwanza kazini nilikabidhiwa vitu vitatu: gurudumu la kupimia lenye mpini mrefu, hedifoni, na daftari la jalada la plastiki lisiloloa mvua. Ilikuwa Louisville, katika ofisi ndogo nyuma ya duka la matairi huko South End, vituo vitatu vya basi kutoka nyumba tuliyopewa tulipofika kutoka kambini Tanzania. Nilikuwa nimebeba maboksi ghalani kwa miaka sita, magoti yameanza kulalamika, na nilidhani nimeitwa kufagia. Msimamizi wa Njia, mwanamke mrefu aliyevaa buti nzito hata wakati wa joto, alinitazama miguu kabla ya kunitazama uso.

"Unatembea mwendo gani?" aliniuliza.

"Mwendo wa mtu asiyekimbizwa."

Akacheka. "Basi ndio huo huo. Wateja wetu hawakimbizwi na mtu."

Nawaeleza ninyi vijana kwa sababu kazi yenyewe siku hizi imebaki mikononi mwa wachache. Kampuni yetu ilitengeneza matembezi ya kujiongoza. Mgeni anafika kwenye mtaa wa kale, anavaa hedifoni, na sauti inamwambia: simama hapa, inua macho, pinda kushoto. Hakuna mtu wa kumtangulia. Matembezi yetu yalihusu mitaa ya kale ya Wajerumani, wale waliovuka bahari zamani wakajenga upya vipande vya miji waliyoiacha: nyumba za matofali zilizobanana, makanisa yenye minara myembamba, viwanda vya bia. Mimi niliyezaliwa Burundi nikakulia kambini sikuhitaji kuelezwa kwa nini mtu hujenga kwao mahali ambapo si kwao.

Cheo changu kilikuwa mpima njia. Mwandishi akishaandika maneno, na msomaji akishayasoma, mimi ndiye niliyetumwa kuitembea njia kabla ya mgeni yeyote. Nilipima muda wa kila kituo, na muda wa kimya kati ya kituo na kituo, tulichokiita hatua tupu. Hatua tupu ikiwa fupi mno, sauti inasimulia kanisa wakati mgeni bado yuko kwenye duka la kinyozi. Mwisho nilitia sahihi cheti cha njia, karatasi moja inayosema kwamba mtu mzee, mtu mwenye mtoto mgongoni, mtu asiyeujua mji, wote watapita salama. Bila sahihi hiyo njia haifunguliwi.

Msimamizi alinifundisha kuitembea njia mara tatu: ya kwanza na hedifoni, ya pili bila hedifoni, ya tatu nikiangalia chini tu. "Masikio yako yakiwa kwenye hadithi," alisema, "miguu yako inasikilizwa na nani?"

Baada ya miaka minne nikahamishiwa Columbus. Studio ilikuwa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege, na kila ndege ilipopaa tulikatiza kurekodi tukaangaliana kama watu walio kanisani. Mkuu wangu huko alikuwa Mhariri wa Sauti, mzee mpole aliyekuwa mkali kwa jambo moja tu. "Usimwambie mgeni atazame kitu ambacho hakipo," alikuwa akisema. Mtaa wa kale wa Columbus ulimstahi. Nyumba zote zimesimama, maua dirishani, matofali ya barabara yamefagiliwa. Hati ikisema mlango ni wa kijani, unaukuta wa kijani.

Ni huko nilikopangiwa kufanya kazi na fundi wa sauti aliyetokea Bukavu, tuliyemwita Baba Furaha. Yeye alirekodi sauti ya mahali, yaani upepo, kengele, nyayo, vitu vinavyowekwa chini ya maneno ili mgeni asihisi anasomewa gazeti. Alikuwa mtu wa utani mwingi. Nilimwona amenyamaza mara moja tu, na hiyo ilikuwa Buffalo.

Buffalo tulipelekwa sote wawili, majira ya baridi, tukapanga vyumba Kenmore. Mkuu wetu mpya alikuwa Meneja wa Mradi, kijana nadhifu mwenye haraka. Mtaa wa kale wa Wajerumani huko ulikuwa umekwisha, karibu wote. Unakuta nyumba moja, uwanja mtupu, nyumba moja, viwanja vinne vitupu. Niliona ngazi tatu za mawe zinazopanda vizuri kabisa na kuishia hewani. Hati iliyoandikwa kutoka kwenye ramani za zamani ilimwambia mgeni atazame duka la mikate, ukumbi wa waimbaji, kiwanda cha bia, na mbele yake kuna nyasi kavu zilizotokeza juu ya theluji. Siku nzima nilitembea nikisimuliwa vitu visivyokuwepo, na kufikia mchana nikajikuta nawapisha njia watu ambao hati ilisema waliwahi kupita hapo.

Kituo cha saba kilikuwa kwenye uwanja mtupu mkabala na kanisa lililofungwa. Ukungu ulikuwa umeshuka mpaka mabegani. Sauti ikasema, "Rudi nyuma hatua kumi mpaka uuone mnara wote." Nikarudi nyuma, nikihesabu. Hatua ya nane, sauti ya viatu vyangu ikabadilika. Nilisikia kama ninayetembea juu ya dari ya mtu mwingine. Nikavua hedifoni. Nikapiga mguu mara moja. Chini kukajibu, polepole kidogo, kana kwamba aliyejibu alifikiri kwanza.

"Umesimama jikoni kwangu," mtu akasema.

Nikageuka. Bibi wa Kizungu, mwembamba, koti la kijivu rangi moja na ukungu, alikuwa amesimama hatua chache kutoka kwangu. Mikono yake ilikuwa mitupu, bila glavu, kwenye baridi ile.

"Samahani, mama," nikamwambia. "Sikujua kuna nyumba."

"Haipo. Waliibomoa. Lakini umesimama kando ya jiko. Sogea kidogo, sogea upande huu. Hapo pabaya."

Jina lake Klara. Alikuwa na miaka zaidi ya themanini na aliishi mtaa wa pili. Siku ile na siku zilizofuata alinieleza, kidogo kidogo. Baba yake alikuwa mlinzi wa kiwanda cha bia baada ya kiwanda kufungwa. Chini ya mtaa kulikuwa na maghala ya mawe walimopozea mapipa enzi ambazo friji hazijakuja, na kazi ya baba ilikuwa kuyakagua. Klara akiwa na miaka minane, baba aliondoka asubuhi na hakurudi. Mtaa ukasema amekimbia na mwanamke. Mama yake akageuza picha ya arusi ikatazama ukuta, ikabaki hivyo hadi alipokufa, na Klara alipohama nayo aliitundika vilevile.

"Lakini mimi nilimsikia," aliniambia. "Wiki nzima. Anatembea chini ya sakafu ya jiko. Nilimwambia mama, mama akanichapa."

Siku ile ya kwanza nilikuwa nimebeba kinasa sauti cha Baba Furaha, kirekodi nyayo zangu. Kesho yake mchana akaniita chumbani kwake, akanivalisha hedifoni bila utani wowote. Nikasikia nyayo zangu kwenye theluji, moja, mbili, tatu, hadi saba. Kuanzia ya nane kulikuwa na nyayo mbili. Zangu, na nyingine nyuma yangu, nzito zaidi.

"Ni mwangwi," nikasema.

"Bon, ni mwangwi. Lakini udongo haijibiaka mutu, Mama. Chini kule iko wazi." Akazima mashine. "Mimi hii fasi siipendi."

Nikaenda kwa Meneja wa Mradi nikamweleza aliyosema Bi Klara, nikamwambia kituo cha saba hakifai, ghala la chini linaweza kuporomoka. Aliniuliza nina kipimo gani. Nikamwambia nina miguu. Akatabasamu kwa adabu. Ufunguzi ulikuwa Jumamosi, wageni wameshaalikwa.

"Tia sahihi," akasema. "Sentensi moja ya bibi mpweke haiwezi kusimamisha mradi."

"Sitii."

"Basi kazi yako imeishia hapa. Wako watu wengine wanaojua kutembea."

"Nawaombea," nikamjibu, nikaweka cheti mezani kikiwa kitupu. Nilikuwa na watu wanaonitegemea, na umri wangu haukuwa wa kuanza tena ghalani.

Jumamosi asubuhi, kabla ya wageni, mimi na Bi Klara na Baba Furaha tulipigilia vigingi kuzunguka uwanja, tukapitisha kamba, tukafunga vitambaa vyekundu. Meneja alifika amekasirika. Alikuwa ametia sahihi mwenyewe. Akavuka kamba ili ang'oe kigingi kimoja kwa upande wa ndani.

Hapakuwa na kishindo. Ardhi ilishusha pumzi tu, na mguu wake mmoja ukaingia hadi pajani. Baba Furaha alimdaka koti, mimi nikamdaka Baba Furaha kiunoni, tukamvuta tukaanguka chali wote watatu. Mbele yetu likafunguka shimo upana wa meza ya kulia. Likatoa hewa baridi kuliko ya nje, yenye harufu ya hamira iliyochacha. Vijiwe viliendelea kudondoka ndani, na tulisubiri muda mrefu kusikia kila kimoja kikifika.

Bi Klara hakurudi nyuma. Alikuwa amesimama kwenye kamba, ameinamisha kichwa kama mtu anayesikiliza nyumba ya jirani. Akaita, kwa Kijerumani, neno moja. Sikuhitaji kutafsiriwa.

Wahandisi wa mji walishuka baada ya siku tatu. Wakamkuta kwenye njia ya mawe iliyoangukiwa na dari yake, pete kidoleni, shada la funguo mkandani, na kopo la chakula alilofungiwa na mkewe asubuhi ile. Hakuwa amekwenda kwa mwanamke yeyote. Daktari aliyeichunguza mifupa alimwambia Bi Klara, kwa kumfariji, kwamba jiwe lilimuua papo hapo, hakuteseka hata dakika moja.

"Papo hapo?" Bi Klara akauliza.

"Papo hapo."

Tukatoka nje. Tulitazamana, na wote wawili tulikuwa tunahesabu siku saba za mtoto aliyelala akisikiliza sakafu.

Alimzika baba yake kando ya mama yake. Jioni ya mazishi alinipeleka kwake, akaigeuza ile picha. Nilimshikia kiti asianguke.

Kampuni ilinirudisha kazini, na Meneja aliniomba radhi mbele ya wenzangu, nami nikaipokea. Halafu wakubwa wakataka kituo cha saba kiwe na mzimu, wakisema wageni wangemiminika. Nilikataa, na Mhariri wa Sauti akaniunga mkono kutoka Gahanna. Niliandika mwenyewe maneno ya kituo kile, ya kwanza na ya mwisho maishani mwangu, na kumweka mgeni kando ya barabara, kwenye ardhi imara. Nikamsomea Bi Klara. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Umesahau dirisha. Lilikuwa juu ya sinki. Alikuwa akipita hapo akitoka kazini." Nikaongeza dirisha.

Nilistaafu baada ya miaka miwili, nikarudi Louisville kwa watoto wangu. Wananiuliza kwa Kiingereza kazi hii ilikuwa na faida gani, kutembea tu, nami nawajibu kwa Kiswahili. Nawaambia kwamba maneno mengi juu ya mahali huandikwa na watu ambao hawakufika, na lazima mmoja afike.

Kuna jambo moja sikumweleza mtu kazini. Tulipokuwa tunakimbia Burundi, kaka yangu mkubwa Melkiori alirudi nyuma kumchukua bibi. Bibi alifika Tanzania na majirani. Melkiori hakufika. Kambini tulizoea kusema alitukimbia, kwamba alitaka maisha yake, kwa kuwa neno hilo lilikuwa jepesi kulibeba kuliko mengine. Wiki ile ya mazishi nilimpigia simu dada yangu Kigoma. Tuliongea habari za mvua na watoto, kisha nikamwomba tusiliseme tena lile neno.

"Tuseme nini basi?" akaniuliza.

"Tuseme tunachokijua. Hakufika."

Kisha nikamsikia akiwaita wanawe ndani ya nyumba, mmoja mmoja kwa jina, ili awaambie.