Waya Tumboni mwa Ng'ombe wa Mama

Ng'ombe wa mama aliacha kula siku tatu baada ya mimi kumletea marobota ya nyasi kutoka Nduruma. Kilikuwa kiangazi, na kijijini kwa mama, Akheri, majani yalikuwa yamekauka hadi kando ya mifereji. Mimi naishi mjini, Daraja Mbili, na kila Jumamosi napanda mlimani kumwona mama.

Jumamosi iliyofuata nilimkuta bandani. Nilimwamkia shikamoo, akanionyesha ng'ombe. Ng'ombe alikuwa amekunja mgongo, na kila akipumua aliguna kama mtu aliyebeba mzigo.

"Zile nyasi ulizitoa wapi, mwanangu?" mama aliniuliza. Hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonichanganya.

Daktari wa mifugo alifika mchana. Alimbonyeza ng'ombe mgongoni, mnyama akakaza mwili. Kisha akatukabidhi mti mrefu, mimi na jirani mmoja tukaupitisha chini ya kifua cha ng'ombe na kuunyanyua kidogo. Ng'ombe akalia.

"Amemeza chuma," daktari alisema. "Kimetoboa tumbo, na moyo uko jirani hapo. Lazima tumpasue leo."

Nilidhani angelazwa chini na kupewa dawa ya usingizi. Kumbe alipasuliwa akiwa amesimama, amefungwa kwenye nguzo. Alinyolewa manyoya ubavu wa kushoto, akachomwa sindano za ganzi, ngozi ikakatwa. Daktari alilishona tumbo kwenye kingo za ngozi ili uchafu usiingie ndani, akalifungua, akazamisha mkono hadi begani. Mama alishika kamba akimsemesha Kimeru. Ng'ombe alikuwa anatazama migomba tu. Nilishindwa kuelewa kama anaumia au la. Nilishika ndoo.

Yalitoka majani yaliyochacha, misumari miwili, na mifuko ya plastiki ya rambo iliyosokotana. Daktari aliendelea kupapasa kwa muda mrefu, mwishowe akachomoa waya wenye urefu wa kidole.

"Ni wa marobota?" niliuliza.

Aliuosha, akaugeuza. "Huenda. Unaweza pia kuwa wa uzio wa senyenge. Siwezi kukwambia."

"Na hizo rambo?" mama akauliza. "Zilipigwa marufuku kabla sijamnunua huyu."

"Bado zimezagaa mashambani. Ng'ombe humeza kwanza, mama, kutafuna baadaye. Kitu kizito kikishuka kinaweza kukaa humo miaka bila kumdhuru, halafu siku moja kikachoma."

Alimshona, akatuachia dawa. Kwa sababu ya dawa hizo, kwa siku kadhaa mama alikamua maziwa na kuyamwaga. Siku ya tatu ng'ombe alianza kucheua, na baada ya wiki mbili alikuwa anakula kama zamani, ila maziwa yalipungua na hayajarudi yote.

Nilipopanda tena niliyafungua marobota yote yaliyobaki stoo, nikayachambua kwa mkono. Hapakuwa na waya. Yote yalifungwa kwa kamba ya katani. Nilimwita mama aje aone.

"Basi si wewe," alisema. Akaishika ile kamba. "Na yale mawili aliyokula kwanza, yalifungwa na nini?"

Nilikuwa nimeyashusha garini mwenyewe na kuyafungua mwenyewe. Nilijaribu kuiona mikono yangu ikifungua, na kila mara niliona kitu tofauti. Nilimwambia sikumbuki, na ndivyo ilivyo mpaka leo.